Madoa Mawili Juu ya Mapafu

"Anayefuata!"

"Mimi ndiye anayefuata tangu asubuhi, kaka. Nitazeekea hapa."

Foleni yote ya eksirei iliangua kicheko. Mpiga picha, kijana mrefu mwenye koti jeupe lililochanika mfuko, alimtazama aliyesema: fundi cherehani, gauni la kijani limemkaa sawasawa, nywele zimesukwa nene mpaka mabegani, na kikohozi cha wiki mbili. Basi, kijana wa watu akili zikamruka.

"Kidevu juu. Mabega mbele. Usitikisike."

"Nikitikisika?"

"Tutarudia."

"Wee! Utafurahi wewe. Lete hilo koti nikushonee mfuko, unatia aibu."

Ndivyo walivyopeana namba. Wiki nzima, kila mchana, simu haikupoa.

"Fundi wangu, umekula?"

"Wako tangu lini?"

"Tangu uliponishonea mfuko."

"Makubwa! Kumbe ningeshona na kola ungenioa."

Kisha daktari akamwita fundi. "Kuna madoa mawili juu ya mapafu. Sababu ni nyingi: kifua kikuu, nimonia, kovu la ugonjwa wa zamani, hata uvimbe. Tupime makohozi kwanza. Usijitie hofu."

Usijitie hofu! Kusema ni rahisi. Dada yake aliyekuwa akiishi naye alikuwa na mtoto wa miezi saba. Siku hiyohiyo akamtengea mdogo wake kikombe, sahani na chumba cha nyuma. Hakumtukana wala kumfukuza. Alikuwa akigonga mlango, anaweka chakula chini, anaondoka. Fundi aliwasikia wakicheka sebuleni, naye anakula akiutazama ukuta. Simu ya mpiga picha ikiita, anaigeuza kifudifudi. Amwambie nini? Amwambukize kijana wa watu? Afadhali amchukie.

Mpiga picha naye, wiki tatu, akaamini ametemwa. "Si angeniambia tu," alinung'unika kila alipofunga chumba cha picha. Aliumia, tusifichane.

Makohozi yakapimwa mara mbili, yakatoka safi. Daktari akataka picha nyingine. Fundi akaingia, gauni lilelile sasa linampwaya.

"Funga nywele juu," alisema kijana bila kumtazama, kama anavyowaambia wote.

"Siku ile hukuniambia."

Akaganda. Alipiga picha mpya, kisha akaiweka kando ya ile ya zamani. Siku ile misuko miwili minene ilikuwa imelala mbele ya mabega, na vivuli vyake ndiyo hayo madoa. Picha mpya haikuwa na kitu. Angeweza kunyamaza. Daktari angesema amepona, na nani angejua?

"Kosa ni langu," alisema. "Nilikuwa nakutazama wewe, nikasahau kazi. Hukuwa na madoa. Zilikuwa nywele."

Fundi hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Mtoto wa dada ameanza kutambaa," alisema. "Nimemsikia tu ukutani."

Akachukua mkoba, akatoka.

Kijana alimwandikia daktari kosa lake kwa mkono wake mwenyewe. Akapewa onyo, akaondolewa chumba cha picha, akawekwa kupanga mafaili. Siku kumi simu yake ikawa kimya. Jumapili mchana ikaita.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Dada ameniomba radhi, akaniita mezani. Nimekaa. Nikikohoa kidogo tu, wote wanaacha kutafuna. Nimerudi chumbani kwangu."

"Nije?"

"Usije. Nina hasira na wewe mpaka basi." Sauti yake ikawa ndogo. "Lakini usikate."

"Niseme nini, mpenzi?"

"Usiseme kitu. Nataka nisikie kuna mtu."

Kijana akavuta kiti kwa kelele makusudi, akaketi, simu sikioni. Hakusema neno, na hakukata.