Goti Lililopona Mapema

Benchi la nje ya chumba cha mazoezi ya viungo lilibakiwa na nafasi moja na nusu, na asubuhi ile watu wawili waliifikia kwa pamoja, kila mmoja akichechemea. Msusi ndiye aliyewahi upande wa ukuta. Alivaa gauni la rangi ya machungwa na raba nyeupe asizozipenda, maana viatu vya kisigino alipigwa marufuku tangu alipoteleza kwenye ngazi za saluni na goti la kulia likateguka. Mwanamume aliyejibana kando yake alikuwa mrefu, shati limenyooshwa vizuri kwa pasi, lakini mikono imekauka kwa saruji. Alisema yeye ni fundi wa vigae. Miaka ya kupiga magoti kwenye sakafu za watu ilikuwa imemla goti la kushoto, hata likafanyiwa upasuaji.

Kwa kuwa hakuna aliyeweza kukunja, miguu yao miwili ilinyooka mbele ikakata ushoroba mzima. Mama wa usafi akasimama na ndoo yake, akauliza hicho kizuizi cha barabarani nani kakiweka.

"Ni huyu bibie," fundi alisema. "Mimi nimepita tu nikakamatwa."

Msusi alicheka kabla hajakumbuka kwamba yeye si mtu wa kucheka na wanaume asiowajua.

Ndani walipangiwa vitanda jirani. Mtaalamu wao alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vya moto, wagonjwa wamempachika jina la Mama Kunja, kwa sababu neno hilo halikuisha mdomoni mwake. Aliwafunga mifuko ya mchanga vifundoni, akawavutisha mipira, akawapandisha ngazi za mbao zisizokwenda popote. Kila alipobonyeza goti aliuliza swali lake moja: inauma? Na kwa jibu hilo alipanga uzito wa siku inayofuata.

Simu zilianza jioni ya wiki ile ile. Fundi alipiga kumuuliza msusi kama amefanya mazoezi ya nyumbani, naye akajibu kwamba amefanya, huku amelala kwenye kochi la dada yake na miguu juu ya mto. Msusi alimwita kocha, fundi akamwita mpenzi kwa utani, kisha utani ukaisha na jina likabaki. Dada mtu, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alisema hajawahi kuona ugonjwa unaomnenepesha mtu namna hiyo.

Tatizo lilikuwa moja. Goti la msusi lilipona.

Lilipona mapema, bila kuaga. Asubuhi moja aliinuka kitandani na kujikuta amechuchumaa kutafuta kandambili, wala hakusikia kitu. Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Yeye aliketi sakafuni akaingiwa na hofu. Fundi hakuwahi kumwambia waonane nje ya hospitali. Je, kama kilichowaunganisha ni maradhi tu? Akipona, simu ile si itakuwa ya kumtakia afya njema, basi? Siku hiyo Mama Kunja alipobonyeza na kuuliza, msusi alitupa jicho kitanda cha pili, akasema inauma kidogo, huko ndani ndani.

Akaendelea hivyo. Alichechemea kuanzia geti la hospitali hadi kitandani, na kutoka kitandani hadi getini. Fundi naye, goti likiwa limevimba na jasho likimchuruzika kwenye paji la uso, alijibu kila mara kwamba haliumi, akaongezewa mchanga.

Ukweli haufichiki kama mwenyewe anapanda ngazi. Siku ambayo haikuwa ya mazoezi, fundi alipiga moyo konde akaamua kumfuata kazini. Saluni ilikuwa ghorofa ya pili. Alikuwa amefika nusu ya ngazi, ameshika chuma kwa mikono miwili na kupumua kwa kinywa, aliposikia mtu anapanda nyuma yake akiimba. Msusi alimpita na ndoo ya maji mkono huu na ndoo mkono ule, akiruka ngazi mbili mbili. Alipogeuka kuomba radhi kwa maji yaliyomrukia mtu, aliuona uso wa fundi.

Fundi aliutazama mguu, akamtazama mwenyewe, kisha akaanza kushuka, taratibu, kwa aibu ya mtu aliyedhani anachekwa kwa muda wote huo.

Simu hazikupokelewa tena. Kitanda cha jirani kikabaki kitupu. Msusi alisuka vichwa vya watu akili ikiwa haipo, hata mteja mmoja akalalamika kwamba anavutwa nywele kama katani. Mwishowe alikwenda kwa Mama Kunja, akaingia kwa miguu yake miwili mizima, akakiri.

"Nilianza kukushuku," Mama Kunja alisema bila kutabasamu. "Mwenye goti bovu huingia hapa anaangalia chini. Wewe ulikuwa unaangalia kitanda cha pili. Nilipaswa kukupima sawasawa siku hiyo hiyo. Nikakuonea haya, na kuna wagonjwa nje waliokosa nafasi kwa sababu yako na yangu." Akakunja taulo. "Na mwenzako je? Aliwahi kukwambia kwamba linamuuma?"

"Hapana. Alisema anaendelea vizuri."

"Amerudi kazini. Nimempigia, anasema amepona. Akipiga magoti mwezi huu, binti yangu, goti lile hatulioni tena."

Msusi alichukua bodaboda hadi duka jipya lililokuwa likijengwa, alikoelekezwa na Mama Kunja. Alimkuta fundi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nusu ya sakafu imepangwa vigae, suruali imekazwa na goti lililofura kama boga.

"Umepanda au umeruka?" fundi aliuliza, macho kwenye kigae.

"Nimekuja kusema kweli. Nilipona zamani. Nilidanganya kwa sababu niliogopa nikipona hutanitafuta. Sikuwa nakucheka. Nakupenda, na sikujua kukupenda nikiwa mzima."

Msusi alipiga magoti mbele yake kwenye vumbi, akaweka kiganja juu ya uvimbe, akabonyeza polepole.

"Inauma?"

Fundi alikiacha kigae, akamtazama. Mwanamume mzima, akiri maumivu mbele ya mwanamke anayemtaka!

"Inauma," alisema. "Inauma tangu siku ya kwanza. Ulikuwa unaangalia. Ningesemaje?"

Walianza upya, na fundi akarudi kwa Mama Kunja, kuanzia mfuko wa mchanga mwepesi kabisa. Daktari alimwambia fundi waziwazi kwamba kupiga magoti kazini kumekwisha. Atapima, atakata, atasimamia wengine. Alilia siku mbili, bila kujificha. Msusi alimsindikiza na kungoja kwenye benchi la nje. Siku moja fundi alipotoka mazoezini akiwa na mkongojo, alimuuliza palepale ushorobani kama ataolewa na fundi asiyeweza kupiga magoti. Msusi alifungua mdomo, hofu yake ya zamani ikamrudia, kwamba labda kilichowaunganisha ni maradhi tu, akasema anachelewa kwa wateja.

Fundi hakumlazimisha. Alimwambia tu kwamba akiruhusiwa kupanda ngazi, atakuja saluni kuchukua jibu, naye asishuke kumsaidia.

Jioni moja, msusi akiwa katikati ya kichwa cha mteja, ilisikika fimbo chini, kisha mguu, kisha sauti ya mtu akijikumbusha mafunzo: mguu mzima utangulie, mbovu ufuate. Kisha, kwa utulivu kabisa, "Hapa inauma." Akapumzika. Hatua nyingine. "Hapa haiumi sana." Wateja walitazamana. Mmoja akauliza ni nani huyo anayepanda huku anasimulia ngazi.

Vidole vya msusi vilisimama kwenye nywele. Alitamani kukimbia hadi mlangoni, akajizuia. Alingoja mpaka fimbo ikagonga kizingiti, ili aliyekuja kuchukua jibu na mteja aliyeuliza wote wasikie.

"Ni mume wangu," alisema. "Msogezeeni kiti."