Kipusa Aulizwa Mwenyewe

Cherehani ya Fundi haipumziki. Asubuhi anashona sare za shule. Mchana anapunguza suruali za waliokonda na kupanua za walionenepa. Mdogo wake, Kipusa, hukaa mlangoni akishona vifungo. Fundi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Wanataniana kutwa nzima.

Kilikosekana kitu kimoja tu: mtoto. Fundi na mumewe walipimwa wote wawili. Wote wawili, jamani, maana wapo wanaume wanaodhani vipimo ni vya wake zao tu! Ikaonekana mayai ya uzazi ya Fundi yamekwisha mapema. Daktari akasema mwanamke mwingine anaweza kumpa yai. Litaunganishwa na mbegu ya mume wa Fundi maabarani, kisha Fundi atabeba mimba mwenyewe.

"Mbona tunaye wetu!" mama mkwe wa Fundi akadakia walipomweleza nyumbani. "Si Kipusa huyu hapa? Damu moja!"

Kipusa akatabasamu, akaendelea na vifungo vyake. Wao wakaona hilo ndilo jibu.

Kule kliniki, nesi mshauri akamuuliza Kipusa, "Wewe umekubali?"

"Amekubali huyo," mama mkwe akajibu.

"Samahani mama, sijakuuliza wewe," nesi akasema huku akicheka. "Naomba mtupishe kidogo."

Mlango ulipofungwa, Kipusa akaangua kilio.

"Dada amenilea. Nitamkataliaje? Lakini yai likiwa langu, moyo utaniambia mtoto ni wangu. Nitashindwa kumwachia."

"Sikiliza, mdogo wangu," nesi akasema. "Utachomwa sindano, utatolewa mayai, na hatari zipo, hata kama ni ndogo. Kwa hiyo yai halitolewi kulipa fadhila. Hutaki, hutoi. Nitawaambia haiwezekani, wala sababu sitaitaja."

Kipusa akafuta machozi. "Acha nimwambie mwenyewe."

Akamwambia. Ilimuuma Fundi, tusidanganyane. Kisha akamvuta mdogo wake kifuani.

"Mjinga wewe! Nipate mtoto, nikukose wewe? Mimi ndiye niliyepaswa kukuuliza."

Mama mkwe alinuna hadi chakula cha jioni. Harufu ya chakula ikamshinda.

Nesi akawaeleza kwamba wapo wanawake wanaojitolea kwa hiari, baada ya kupimwa na kushauriwa. Akawaasa pia kwamba mtoto aambiwe ukweli mapema, asije akausikia mtaani. Wakakubali, wakasubiri. Mara ya kwanza mimba haikushika. Mara ya pili ikashika, na mama mkwe akawa wa kwanza kupiga vigelegele.

Leo cherehani imesimama kidogo. Fundi amemaliza kunyonyesha.

"Haya, nipe mwanangu!" Kipusa anasema, kama mama mdogo yeyote.

Anambeba, anamwimbia kwa sauti mbovu, mtoto analia.

"Mchukue mwanao, dada, amenishinda!"

Anamrudisha huku akicheka, moyo mweupe, kisha anaketi mlangoni na vifungo vyake.