Mtungi Alioulinda Odile

Kila asubuhi kabla ya shule, Odile alijaza mtungi, akafagia ua, akamnawisha mdogo wake Lambert. Lakini asubuhi hiyo ya mwaka 1956, hapa Kisangani, alikuta mtungi umefungwa kwa kitambaa, na Lambert alikuwa ameharisha usiku kucha. Mama alikuwa ameenda kijiji cha Yanonge kununua samaki, na shangazi yao Tantine Marthe, dada mkubwa wa Mama, ndiye aliyeshika nyumba.

"Mutoto akiharisha, maji hapana," alisema Tantine. "Nani anamwaga maji kwenye mtumbwi unaovuja? Utalinda mtungi. Akigusa kopo, nitakuuliza wewe."

Odile akalinda, roho ikimchemka. Lambert, wa miaka minne, alilia "mayi, mayi" akiomba maji mpaka sauti ikakauka.

Siku ya pili Tantine alikagua nguo za mtoto, akatabasamu. "Bon. Tangu jana hajakojoa. Tumbo linakauka. Amepona."

Macho ya Lambert yalikuwa yameingia ndani. Alilia bila machozi.

"Huyu ndiye aliyepona?" Odile aliuliza.

"Unanijibu mimi?"

"Tantine, hata mbuzi wa kuchinjwa hupewa maji."

Hakungoja kofi. Alimbeba Lambert mgongoni, akakimbia hadi zahanati, Tantine nyuma yake akimtukana njia nzima.

Muuguzi Daudi alibana ngozi ya tumbo la mtoto, ikabaki imekunjamana. Alipoelezwa habari ya mtumbwi na ya kupona, sura yake ilibadilika.

"Mama Marthe, hiyo si nafuu. Maji yakipungua mwilini, ubongo hutuma mjumbe ndani ya damu. Mjumbe huyo huitwa homoni. Huyaambia mafigo: shikeni maji, msiyamwage. Homoni nyingine, ya tezi zilizo juu ya mafigo, huyaamuru yashike chumvi. Ndiyo maana hakojoi. Mwili wake umepigana peke yake siku mbili, na ninyi mmeukalia mtungi."

Tantine alitazama miguu yake. Odile alidhani angefurahi kumwona ameaibika, lakini hasira yake ilimgeukia yeye mwenyewe.

"Nilijua ana kiu, papa," alimwambia Daudi. "Nililinda tu."

Daudi alichanganya maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi kidogo. Tantine akachukua kijiko mwenyewe, akamnywesha polepole mpaka alasiri. Ndipo Lambert alipomlowesha mapajani kwa mkojo. Tantine hakusogea, machozi yalimtoka.

"Mtumbwi unaovuja huchotwa maji," alisema Daudi, bado hajatabasamu. "Mtoto anayevuja huongezwa. Na wewe, Odile, kumheshimu mkubwa si kunyamaza mtu akifa. Siku nyingine usingoje siku mbili."