Kisu cha Mikono Miwili

Maiti ya Célestin ililala kifudifudi katikati ya ghala la kahawa, shavu moja juu ya saruji, mkono wa kulia umenyooshwa mbele. Ndani ya mkono huo mlikuwa na kisu cha kukunja, kimefunguliwa.

Inspekta Kobusingye alichuchumaa kando yake bila kugusa kitu. Mvua iliyowatawanya wachuuzi wa soko la Bwera adhuhuri ile ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye bati. Jeraha lilikuwa kisogoni. Nondo ya kufungia mlango ilikuwa imetupwa karibu na magunia, ina damu na nywele.

"Afande, hii kesi imeisha kabla haijaanza," alisema Konstebo Hakim, msaidizi wake. "Aliyeua yuko nje. Amejileta mwenyewe."

"Wanaojileta wenyewe ndio wananitia wasiwasi."

Mtu huyo aliitwa Bénit. Alikaa juu ya kreti chini ya upenu, kijana mrefu wa upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka, Kongo, shati jeupe, kola imechanika. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa chenye damu. Yeye na Célestin walikimbia vita kwao, wakakutana tena huku Uganda, wakawa wananunua kahawa pamoja kutoka kwa wakulima wa Kyarumba. Parokiani alijulikana kwa upole. Hata ndoa yake ilikuwa imeshatangazwa kanisani.

"Mligombania nini?" Kobusingye aliuliza.

"Kahawa, afande. Alisema mi nachanganya mbichi na kavu. Akakasirika."

"Halafu?"

"Akanikamata hapa." Aligusa kola. "Na mukono ya kushoto. Na ya kuume akatoa kisu mufukoni."

"Kilikuwa wazi?"

"Hapana, kilikuwa kimekunjwa. Akakirusha hivi." Kiganja chake kilifyatuka hewani kama cha mtu anayekung'uta maji. "Cha! Kikafunguka. Akanikata. Mi nikajua leo nakufa. Nondo ilikuwa karibu, nikapiga."

"Alikuwa ameiachia kola?"

"Hata! Hakuachia mupaka alianguka."

"Mtu aliyekushika kwa mbele ulimpigaje kisogoni?"

"Aligeuka kidogo. Mambo ilienda mbio, afande."

Alijibu bila kusita, kama mtu aliyekuwa akiyangoja maswali. Kobusingye alikuwa amesikia wauaji wengi wakieleza dakika ile ya kuua. Karibu wote huruka kitu, hurudi nyuma, hujipinga. Hadithi ya Bénit haikuwa na ufa.

"Mtie pingu," alisema. "Tunaenda naye Kasese."

Kituoni Kasese walimpekua. Mfukoni mlikuwa na rozari, simu, na kisu kidogo cha springi, cha aina inayouzwa kwa wingi soko la Mpondwe. Hakim alikikung'uta mara moja kwa kifundo cha mkono, kikafunguka chenyewe.

"Cha," alisema Kobusingye taratibu.

Hakim alimtazama, hakuelewa.

Mochwari, Daktari Akumu alikuwa amemaliza uchunguzi wa maiti. "Pigo moja, limetoka nyuma na juu," alisema. "Mikononi hana mchubuko hata mmoja. Nadhani alikuwa ameinama. Lakini wakili atasema aligeuka, nami siwezi kuapa kwamba hakugeuka."

"Na jeraha la Bénit?"

"Jepesi, limenyooka. Mtu anayekatwa huvuta mkono, na jeraha hupinda. Ila hilo nalo si ushahidi wa kumfunga mtu."

Kesho yake asubuhi Kobusingye alirudi Bwera. Msibani, Emérance, mjane wa Célestin, alikaa mkekani kati ya wanawake waliokuwa wakisali. Macho yake yalikuwa makavu, yamechoka.

"Pole sana, mama. Nina swali la ajabu kidogo. Mumeo alikuwa anafunguaje kisu chake?"

Wanawake waligeuka kumtazama. Emérance alikunja uso.

"Kile cha baba yake? Kile hakifunguki, afande. Zamani baba yake aliuza chumvi ya Kabatoro, chumvi ikakula chuma. Anakamata mupini na mukono huu, anaingiza ukucha wa huu mwingine, anavuta. Anakibembeleza: pole pole, muzee, pole pole." Vidole vyake vilivuta ubapa usiokuwapo. "Siku ingine ananiletea mimi, nakamata huku, yeye anavuta huku."

"Angeweza kukifungua kwa mkono mmoja?"

"Nani? Hata Samsoni hawezi."

Kobusingye aliliandika hilo daftarini. "Siku ile alitoka nyumbani na hasira?"

"Hasira? Alitoka na furaha. Alikuwa ametoka Butembo, kule kwetu Kongo, jana yake. Alisema ana habari ya Marlène, yule Bénit anataka kuoa. Nikamuuliza habari gani. Akasema hapana, kwanza nimuambie Bénit, asiisikie kwa watu. Ni heshima."

Marlène aliishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikuwa mjane wa Paluku, kaka mkubwa wa Bénit. Tangu shemeji yake akamatwe, hakuwa ametoka nje kwa aibu.

"Paluku alikufaje?" Kobusingye alimuuliza.

"Kwenye shamba la migomba, siku tulikimbia. Mi nilitangulia na watoto. Bénit alifika nyuma, peke yake, na udongo kwenye kucha. Akasema: nimemuzika kaka na mikono yangu."

"Kaburi liko wapi?"

Marlène aliinamisha kichwa. "Nikiuliza, anasema karibu na mto. Nikiuliza tena, anasema karibu na kanisa. Nikasema labda uchungu umemuchanganya."

"Labda," alisema Kobusingye, lakini hakuamini.

Alasiri alikuwa amesharudi Kasese. Kisu cha Célestin kilikuwa kimepigwa picha na alama za vidole zimekwisha kuchukuliwa. Kobusingye alivaa glavu, akakikunja, akampa Hakim glavu nyingine.

"Kifungue. Mkono mmoja."

Hakim alicheka. Alizaliwa kambi ya jeshi, na watoto wa kambi hujifunza visu kama wengine wanavyojifunza mpira. Alikikung'uta. Kimya. Akabana mpini kiganjani na kusukuma ubapa kwa kidole gumba, mtindo wa wanajeshi. Ubapa ulikaa pale pale. Akaukwaruza juu ya paja, kwenye kitambaa cha suruali, kama wafanyavyo wachunga ng'ombe. Mwishowe alikipeleka mdomoni.

"Meno weka mbali na kielelezo changu!"

"Afande, hiki si kisu, ni ukaidi." Jasho lilikuwa limemtoka. "Wewe unafunguaje vyako?"

"Kama alivyonifunza baba. Makali yatazame nje, ukucha kwenye mfuo wa ubapa, mikono miwili, bila haraka. Alikuwa akisema kisu kinachokimbilia kufunguka kitakukata hata wewe."

Alikivuta kwa mikono miwili. Kilisaga, kikagoma, kikaachia. Hakim aliacha kucheka.

"Basi Bénit..."

"Mtu akitunga uongo wa mikono, hutumia mikono yake mwenyewe. Alitueleza kisu chake, si cha Célestin. Mlete."

Bénit aliingia ametulia. Kobusingye alimkumbusha kwamba halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa. Kisha akakariri maelezo yake neno kwa neno.

"Ni hivyo?"

"Ni hivyo, afande."

"Mkono wa kushoto haukuiachia kola?"

"Haukuachia."

Kobusingye alimfungua pingu, akamvalisha glavu, akaweka kisu kilichokunjwa mezani. Hakim alisogea mlangoni, mkono juu ya bastola.

"Nioneshe alivyokifungua."

Bénit alikichukua. Kiganja kilifyatuka.

Hakuna.

Akafyatua tena, kwa nguvu zaidi. Akajaribu kidole gumba. Uso wake ulianza kubadilika, si kwa hofu kwanza, bali kwa mshangao, kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umefungwa kwa ndani.

"Jana kilifunguka," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa mikono miwili. Ulikitoa mfukoni mwa maiti, ukakivuta, hukugundua ugumu wake kwa sababu ulikuwa na papara. Ukajikata, ukachana kola yako, ukamwekea mkononi." Kobusingye aliegemea mbele. "Kama sivyo, Bénit, niambie. Mikono miwili ya Célestin ilikuwa kwenye kisu. Huo mkono wa tatu ulioshika kola yako ulikuwa wa nani?"

Nje, pikipiki ilipita ikinguruma. Bénit alikiweka kisu mezani polepole.

"Alikuletea habari gani kutoka Butembo?"

Bénit alianza kuvua glavu.

"Kaburi la Paluku liko wapi?"

Hapo ndipo alipovunjika. Hakulia. Mabega yalishuka tu, kama gunia lililokatwa kamba.

"Hakuna kaburi," alisema. "Paluku iko muzima."

Kobusingye hakutikisika. "Endelea."

"Alipigwa risasi ya muguu, kwenye migomba. Nilijaribu kumubeba. Tukaanguka, tukatambaa kwenye udongo. Nikasikia wanakuja. Nikamuacha." Alijitazama mikono. "Alikuwa ananiita. Bénit, Bénit. Mi nakimbia, yeye ananiita. Nilipofika kwa Marlène, akaona udongo kwa kucha zangu, akauliza: umemuzika? Nikasema ndiyo. Neno moja tu, afande. Nilidhani hata hivyo wamemumaliza."

"Na Marlène?"

"Nilichota maji, nililipia watoto masomo, nililea. Watoto wakaanza kuniita papa, baba yao. Mi sikumuiba. Alikuja kunipenda pole pole." Alikitazama kisu mezani. "Célestin akaniambia: shukuru Mungu, kaka yako iko Butembo, anatembea na fimbo, anatafuta bibi yake na watoto. Amesema yote, hata namna ulimuacha, lakini amekusamehe. Nenda umuambie Marlène leo, ama nitamuambia mimi. Halafu akainama kufunga gunia. Alikuwa anaimba."

"Ukachukua nondo."

"Nikachukua nondo."

"Alikwambia umesamehewa, ukamuua?"

Bénit aliinua macho. "Paluku alisamehe. Marlène hangesamehe. Angenitazama siku moja tu na macho ingine, na mi ningekuwa nimekwisha."

Aliweka sahihi maelezo yake bila kuyasoma.

Namba ya Butembo ilikuwa kwenye simu ya marehemu. Kobusingye aliipiga mwenyewe, akauliza maswali machache, akaridhika kwamba aliyepokea ni Paluku. Alimwomba mtu yule asitoke karibu na simu. Kesho yake aliendesha gari hadi Bwera, akamwita Emérance kando ya mkeka na kumweleza yote.

Mjane alilaza kiganja kwenye mkeka.

"Kwa hiyo bwana yangu alikufa juu ya habari nzuri."

"Ndiyo, mama. Sasa naenda kumwambia Marlène."

Emérance alisimama, akakaza kitenge kiunoni. "Hapana, afande. Hiyo habari ilikuwa ya Célestin. Acha niipeleke mimi."

Marlène alikuwa anatwanga sombe, majani ya mhogo, uani. Alipomwona mjane na polisi wakija pamoja, aliangusha mchi, akapiga magoti kuomba radhi. Emérance alimshika viwiko, akamwinua.

"Usipige magoti. Célestin amenituma kwako. Paluku iko muzima. Iko Butembo, anakutafuta."

Marlène hakupiga kelele. Alimgeukia kwanza Kobusingye, akamchunguza uso muda mrefu, kama mtu aliyeuziwa uongo mara moja na hataki kuuziwa tena.

"Ni kweli, mama," alisema Kobusingye. "Nimezungumza naye."

Marlène akaketi chini kwenye majani ya sombe. Emérance akaketi naye, na nguo zake za msiba. Kobusingye akataja namba, na mjane akaibonyeza moja moja kwenye simu yake, akaisogeza sikioni kwa mwenzake.

Ikaita. Halafu sauti ya mwanamume, nzito na yenye haraka, ikasikika hadi pale aliposimama Inspekta:

"Allô? Marlène?"