Upepo Kwenye Breki

Fundi alikuwa amelala chali chini ya pikapu, spana mkononi, aliposikia mke wake akimwita kutoka jikoni.

"Wewe bwana! Chai unakuja kunywa ndani, au nikuletee huko huko mvunguni?"

Fundi alikuwa anaiwaza sauti nyingine, ile iliyomjibu muda mfupi kabla kutoka juu yake, ndani ya gari. Ilikuwa imesema: "Nimeshika."

Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Ukishabadilisha paipu za breki, lazima uondoe hewa iliyobaki ndani, na mafundi wanaiita hivyo hivyo: kutoa upepo. Mmoja anakaa nyuma ya usukani. Mwingine yuko chini, kwenye gurudumu, ambako kuna skrubu ndogo iliyovalishwa mpira mwembamba, na mpira unaishia kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Wa chini anasema kanyaga, anasema shika. Wa juu anashika. Wa chini anafungua skrubu, upepo unatoka kwa mapovu, anafunga, ndipo anasema achia. Kufunga kwanza, kuachia baadaye. Ukiachia skrubu ikiwa wazi, breki inavuta kila kitu kurudi ndani, na umefanya kazi ya bure.

Aliyekaa juu siku zote alikuwa mke wake, maana gereji ilikuwa uani kwao. "Fundi hapa ni mguu wangu wa kulia," alipenda kumtania. "Wewe kazi yako kupaka grisi tu."

Siku hiyo fundi alisikia mtu akipanda na kiti kikilia. Hakuinua kichwa kutazama. Alisema kanyaga, pedeli ikashuka. Akasema, "Shika hapo hapo, usiachie mpaka nikwambie." Akajibiwa. Alifungua, mapovu yakatoka, akafunga. Ndipo akaitwa chai.

Alitoka mvunguni kwa viwiko. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Kiti kilikuwa kitupu. Pedeli ya breki ilikuwa imelala sakafuni. Aliivuta kwa mkono, haikuja. Aliivuta kwa mikono yote miwili, goti kwenye kizingiti cha mlango, haikuja. Ndani ya gari kulikuwa na harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, na aliitambua, kwa sababu asubuhi ile alipokata paipu kuukuu na mafuta meusi kumwagika, harufu hiyo hiyo ilimpiga puani akadhani ni kutu.

Pikapu ilimzidi fundi umri. Mwenye gari, mzee mmoja mstaafu, aliirithi kwa kaka yake, ambaye aliifungia bandani na hakutaka iguswe mpaka anaingia kaburini. Skrubu zote za kutolea upepo zilikuwa zimepondwa kwa nyundo, hakuna spana ambayo ingezishika. Fundi alimtukana sana aliyemtangulia. Akachukua msumeno, akakata paipu zote, akaweka mpya za shaba na skrubu mpya.

Alikunywa chai na kujiambia kuwa kuna springi imenasa. Hakumwambia mke wake neno. Walipotoka pamoja, mke alipanda garini, akatazama chini.

"Mbona hii iko chini tayari?"

Akaweka mguu juu yake. Pedeli ikapanda taratibu pamoja na unyayo wake. Walimaliza magurudumu yote kabla jua halijashuka, na pikapu ikabaki uani kumngoja mwenyewe arudi safari.

Jioni mke alisema mguu umekufa ganzi. Kesho yake fundi alimkuta jikoni ameegemea meza, mguu wa kulia umenyooka mbele, kisigino kikikandamiza sakafu mpaka soli ya ndara imepasuka.

"Inua mguu, mama."

"Ningeweza ningekusubiri wewe?"

Alipiga magoti, akaushika mguu kwa mikono miwili, akavuta. Mikono yake ikakumbuka kabla ya kichwa. Ulikuwa uzito ule ule.

Zahanati waliwapa vidonge na bandeji. Ugumu ukapanda. Ulifika gotini, ukafika pajani, ukafika nyongani, na kila ulipofika nyama ilikuwa baridi na ngumu. Mke akawa wa kulazwa kitandani, mguu ukisukuma ubao wa kitanda mpaka ukalia. Mchana mmoja fundi alikuwa uani anakaza nati ya gari lingine, peke yake, na kama mafundi wanavyozungumza na vyuma aliiambia ile nati, kwa sauti ya chini kabisa, shika basi, na kutoka chumbani, kupitia dirisha lililofungwa, kupitia pazia, ikaja sauti ambayo haikuwa ya mke wake ingawa ilitoka kinywani mwake, sauti tulivu ya mtu aliye kazini, ikisema nimeshika.

Alikimbia ndani. Mke alikuwa analia.

"Si mimi niliyesema," alinong'ona. "Kimefika kiunoni, mume wangu. Kikifika kifuani nitapumua na nini?"

Ndipo alipoitwa shangazi wa mke, mjane ambaye watu walimfuata pale hospitali ziliposhindwa. Alikuja na mkoba mtupu. Alimgusa mgonjwa mguu, akanusa vidole vyake, akamvuta fundi hadi mlangoni.

"Niambie ulisema nini chini ya gari. Maneno yenyewe, usiyapambe."

Fundi alimwambia.

"Na kazi hiyo mnaiitaje?"

"Kutoa upepo."

Shangazi aligeuka kuitazama pikapu. "Basi, mkwe wangu, umeutoa."

Akaendelea kwa sauti ya chini. "Mtu alimfungia pepo huyo mle kwenye paipu na kuziba milango. Wewe ukamfungulia, kisha ukamwajiri. Umemwambia ashike mpaka umwambie, na hujamwambia. Hao hawana likizo."

"Basi nikamwambie aachie, yaishe."

"Aachie aende wapi? Nyumba yake umeikata kwa msumeno. Akitoka kwa mkeo ataingia kwako. Au kwangu, na mimi magoti haya yana matatizo yake tayari."

Fundi akasema polepole, kama mtu anayetaja jambo la aibu, kwamba ipo njia ya kuurudisha upepo ndani. Kila mwanafunzi wa gereji huipata kwa makosa, na hupigwa makofi kwa ajili yake.

Wakambeba mke mchana kweupe, wakamkalisha kwenye usukani. Mguu uliitafuta pedeli wenyewe, ukaikandamiza hadi chini. Shangazi alisimama mlangoni akimshika mabega. Fundi akaingia mvunguni, akavalisha mpira, akafungua skrubu, akaiacha wazi.

"Achia," alisema.

Hakuna kilichosogea. Harufu ya kisima ikashuka juu yake. Halafu sauti ikauliza, bila haraka:

"Umefunga?"

Mikono ya fundi iliganda kwenye spana, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha yule aliyeshika kwamba kufunga hutangulia, alikuwa amejifunza mwenyewe, siku ile ile, gurudumu kwa gurudumu, akisikiliza kupitia mguu wa mwanamke, na sasa alikuwa anamngoja fundi wake amjibu kama mfanyakazi mwaminifu anavyongoja, na juu huko mke alikuwa ameanza kuvuta pumzi fupi fupi zisizofika popote.

"Nimefunga," alisema fundi. "Achia."

Pedeli ikaruka. Mpira ukajinyonga kama kitu hai, mafuta yote chupani yakanywewa kwa mkupuo mmoja, na kitu fulani kikapita ndani ya shaba kwa mlio kama wa kucha zikikwaruza bati. Fundi akakaza skrubu. Alichukua nyundo, akaiponda, akatambaa hadi gurudumu la pili, la tatu na la nne, akaziponda zote.

Alipotoka, mke alikuwa amesimama uani kwa miguu miwili, akikanyaga huku na huku kama mtoto anayejaribu viatu.

"Umemdanganya," shangazi alisema. "Hilo neno la kuachia usilitamke tena karibu na gari hili. Akiachia sasa atatoka kwa hasira, na nyumba ya kwanza anayoijua ni mwili wa mkeo."

Mzee mwenye pikapu alikuja kesho yake, amevaa shati la pasi, ufunguo kidoleni.

"Mzee, usiichukue," fundi alisema. "Breki zina upepo."

Mzee alipanda, akakanyaga. Breki yenye upepo huzama kama mguu kwenye tope. Hii ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Fundi, unanitania? Sijawahi kukanyaga breki nzuri kama hii."

Fundi alisema tena kwamba gari si salama. Alisema maneno yasiyotosha, na alijua hayatoshi. Angeweza kung'oa gurudumu. Angeweza kunyakua ufunguo. Alimwona mke wake mlangoni, amesimama bila kushikilia kitu, akalifungua geti.

Pikapu ilishuka barabara vizuri. Kwenye njia panda taa nyekundu za nyuma ziliwaka, ikasimama. Magari ya kulia yakapita. Barabara ikawa wazi. Pikapu haikuondoka. Lori nyuma yake likapiga honi, kisha jingine. Mzee alionekana akiinama kutazama mguu wake. Akajaribu kuuvuta kwa mikono. Kisha akatoa kichwa dirishani, akageuka kuitazama gereji, na kinywa chake kilikuwa wazi.

"Fundi!" aliita. "Fundi, njoo!"

Fundi alianza kukimbia. Alikuwa amekwishajaza pumzi, neno liko kwenye ulimi, pale vidole vya mke wake vilipomfunika mdomo kutoka nyuma.

"Usiseme," alimnong'oneza. Alikuwa amemfuata mbio kwa miguu yake yote miwili. "Nakuomba, mume wangu. Usiseme."

Honi ziliendelea. Mzee aliita tena. Fundi alisimama pale pale, na vidole vile havikutoka mdomoni mwake.