Daftari la Namba Tasa

Droo ya meza ilikuwa wazi, ufunguo ukining'inia. Simu ilikuwamo. Saa ya mkono ilikuwamo. Daftari la Papa Zagabe, kazi ya miaka kumi na tisa, halikuwamo.

"Kesho profesa ananingoja," alisema mwalimu huyo mstaafu. "Bila ile cahier, daftari yangu, nitamuonesha nini?"

Inspekta Cibalonza alizunguka sebule ile ya mtaa wa Muhumba akiwa na raha zake. Asubuhi ilikuwa njema, chai ilikuwa na tangawizi, na mwizi aliyeacha simu akabeba hesabu alimpendeza kabla hata hajamjua.

"Hakuna alama ya kuvunja. Mwizi ni wa ndani. Mulilala wangapi?"

"Batatu. Mimi, mutoto wangu Bintu, na Gentil, mwanafunzi wangu wa zamani. Alitoka Luvungi ili anisindikize kwa profesa."

"Daftari lina nini?"

Mzee alichangamka. Lilikuwa na kanuni ya kutambua namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Pandisha mbili hadi kipeo cha namba yako, toa mbili. Jibu likigawanyika kwa namba hiyo bila baki, basi ni tasa. Alikagua moja moja kwa mkono mpaka mia tatu. Kanuni haikukosea hata mara moja, naye akaweka kalamu chini, akatembea kifua mbele.

Jicho la Cibalonza likatua kwenye ubao ukutani. Ulikuwa umefutwa kwa kitambaa chenye maji.

"Nani alifuta?"

Papa Zagabe akashtuka. "Hapa kwangu ubao haufutwi mpaka jibu lipatikane. Kila mutu anajua."

"Basi aliyefuta alipata jibu."

Inspekta akasogea. Ubao ulipokauka, chaki ilikuwa imeacha alama hafifu: 341. Akawaita wale wawili.

"Gentil. 341 ni tasa?"

"Sijui, maman inspecteur. Sisi tuliishia trois cents, mia tatu."

"Bintu?"

"Onze fois trente et un, kumi na moja mara thelathini na moja," msichana alijibu, kisha akajiziba mdomo.

"Umejibu haraka, binti yangu," inspekta alisema. "Cahier iko wapi?"

Machozi yakamtoka. "Ndani ya mufuko ya unga, jikoni, ku cuisine. Ni mimi nilibeba. Papa, niliendelea pale ulisimama. 341 inapita kanuni yako, lakini haiko tasa! Profesa angeona mara moja. Sikupenda bakucheke."

Papa Zagabe akaketi. Cibalonza, aliyezoea kuwatia majambazi pingu bila kupepesa macho, alishindwa kumtazama. Huruma ilimshika.

"Na kisha 341, kuko zingine?" mzee aliuliza.

"561. Na 645. Mpaka elfu moja iko tatu tu, Papa. Hata machine za leo zinaanza na jaribio kama yako, kisha zinaongeza ingine."

"Tatu tu?" Uso ukaanza kumkunjuka. Akainuka, akachukua chaki, akaandika ubaoni: Kwa nini tatu tu? Daftari lilipoletwa, akapangusa unga kwenye jalada, na chini ya jina lake akaandika jina la Bintu.

"Kesho wewe utaeleza pale nilikosea."

"Na mashtaka, Papa?" inspekta aliuliza.

"Mashtaka gani? Kunywa chai, maman."

Alikunywa, akaaga akiwa na furaha tele. Kituoni, alipofungua kijitabu chake ili aandike ripoti, akakuta amelinakili swali la ubaoni. Hakulifuta.