Salamu ya Mlima Hanang

Isidori, rafiki yangu, dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali, alitumia likizo kupanda Mlima Hanang na mkewe Benedikta na watoto wao wawili. Adhuhuri ukungu ukawafunika. Nyuma yao wakasikia fimbo ikigonga mawe.

Hilaria, wa miaka minne, akageuza shingo mgongoni mwa mama yake.

“Shikamoo, babu.”

Akarudia tena na tena, kama alivyofundishwa.

“Unamwamkia nani?” Benedikta akauliza.

“Babu. Haitikii.”

Isidori alikuwa amechoka. Akaitikia yeye, “Marahaba,” ili mtoto anyamaze. Fimbo nayo ikanyamaza.

Sasa ni mwaka wa tatu. Kila asubuhi Hilaria humwambia Isidori, “Shikamoo, babu.” Isidori ameshaacha kumsahihisha, huitikia tu. Kisha mtoto huuliza baba atashuka lini mlimani.